Kabla ya Kuua Uzi, Piga Hodi

Saa tatu asubuhi, Mama Mabano ameketi mbele ya kompyuta ya bohari ya dawa, kiatu kimoja mguuni, kingine kimepotelea chini ya meza. Nyuma yake meneja anahema kama aliyebeba gunia.

"Mama, malori mawili yanangoja na orodha haitoki! Ua hicho kitu!"

"Kimeshika ufunguo, bosi. Tulia."

Jina la Mabano amebandikwa na wenzake. Programu za bohari zimeandikwa kwa Lisp, lugha ya kompyuta iliyojaa mabano kama sufuria rafuni. Humo kazi kadhaa huenda pamoja, kila moja kwenye uzi wake: mmoja unahesabu dawa, mwingine unapanga oda. Uzi unaogusa hesabu hujifungia kwanza na kushika ufunguo, wenzake wasiivuruge.

Leo uzi wa kuhesabu haumalizi. Karani aliandika idadi ya vidonge mahali pa maboksi, nao, maskini mtiifu, unahesabu tu.

Wiki iliyopita ulikwama hivihivi. Meneja akaukata mwenyewe. Ukafa na ufunguo mfukoni! Nyuzi nyingine zikaganda mlangoni, na wagonjwa wakangoja dawa hadi kesho yake.

"Nyumbani tuko saba, choo kimoja," anasema Mama Mabano. "Mtu akikawia ndani, humvuti mguu. Unapiga hodi. Atanawa, atafungua."

Hodi yake ni ujumbe kwa uzi: ukifika pahali salama, acha. Ukiwa katikati ya kuandika, hodi inasubiri nje. Ukipumua tu, unaipokea, unasafisha ulipochafua, unarudisha ufunguo, ndipo unakufa kwa heshima zake.

Anautuma. Kidole cha meneja kinanyemelea kitufe cha kukata. Mama Mabano anakichapa kofi kama nzi.

"Mkono huo, baba!"

Mara kioo kinaandika: ufunguo umerudishwa. Anasahihisha idadi, anaanzisha hesabu upya. Printa inakohoa, orodha inatoka.

"Ulikuwa unajifungua, mama?" dereva anauliza mlangoni.

"Mapacha. Wapakie, waondoke!"

Meneja anacheka kuliko wote, akijipangusa jasho. Mama Mabano anatafuta kiatu chake huku akieleza mipango: mwezi huu ataking'oa kile kitufe, aweke cha kupigia hodi.

"Halafu?" anauliza meneja.

"Halafu choo cha pili. Baba watoto nimempigia hodi tangu mtoto wa tatu. Kila siku ananiambia hajafika pahali salama."