Mama Ubwabwa na Waviking waliosalimiana kabla ya vita

Jumamosi, Machi 14, 2026. Mvua ya usiku imekatika alfajiri, lakini ukungu bado umeufunika mji wa Kibondo, na tope jekundu la njia ya sokoni linang'ang'ania kandambili za wapitao.

Saa tatu asubuhi, ndani ya banda la video lililo nyuma ya soko, Asnath Bukuru anavua kandambili zake mlangoni, anasimama mbele ya televisheni iliyozimwa na kufumba macho. Midomo inacheza bila sauti. Nje, vijana wameshaanza kupiga mabati.

"Mama Ubwabwa! Leo umetupikia nini?"

"Amina," anamaliza Asnath. Kisha anawageukia. "Supu ya pembe! Ingieni kabla haijapoa."

Wanaingia kwa kusukumana.

Asnath, mwenye umri wa miaka 46, ni mpishi wa shule ya sekondari mjini hapa, na jina la utani limetoka huko. Lakini Jumamosi huwa mtafsiri wa filamu. Picha ya kigeni ikichezwa, yeye hukaa kando na kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili maneno ya kila aliyemo: mzee, mtoto, mfalme, hata mbuzi. Banda humlipa Sh15,000 kwa siku.

Kazi hii imezoeleka kuwa ya wanaume, wengi wao wa Dar es Salaam, ambao sauti zao zimejaa kwenye diski zinazouzwa hadi vijijini Kitahana. Leo ndiyo siku ya kutoka kwa diski ya kwanza yenye sauti na jina la Asnath.

Au ya kutotoka. Diski ziko mlangoni, kwenye boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Aliyelikalia ni Bazilio, wakala wa kampuni iliyonunua haki za filamu hiyo. Masharti yake anayajua kila mtu bandani: watazamaji wakiondoka kabla ya mwisho, boksi linarudi Dar es Salaam kama lilivyo, na filamu nne zilizobaki atapewa mwanamume.

"Sina ugomvi na mama," anasema Bazilio. "Ila ya Kasulu niliyaona kwa macho yangu. Sauti ya mwanamke kwenye vita, sijui."

Filamu yenyewe imepewa jina la Meli ya Nchi Kavu. Inahusu Waviking, mabaharia wapiganaji wa zamani wa kaskazini ya mbali, wenye ndevu ndefu na kofia za pembe. Mchawi waliyemuudhi anairoga meli yao isielee tena majini. Badala yake inapanda milima na kushuka mabonde kama lori la mihogo, ikiwa na chifu anayeogopa bata na joka ambalo likipiga chafya linaunguza tanga.

Ni filamu ya kuchekesha. Lakini Asnath alipoitafsiri kwenye banda moja la Kasulu, mwezi Januari, hakuna aliyecheka.

"Nilitafsiri kila kitu," anakumbuka Asnath. "Kamusi ilikuwa magotini. Neno likija, nalitoa. Likija jingine, nalitoa. Baada ya nusu saa kijana mmoja akanyanyuka, akaniambia, 'Mama, pole na kazi, ila naomba hela yangu.' Wenzake wakamfuata. Filamu nikaimalizia na mabenchi."

Alirudi Kibondo amejifunika kitenge usoni.

Aibu ile ilimuuma zaidi kwa sababu Kiingereza chenyewe alikipata kwa jasho. Aliishia darasa la saba. Akiwa na miaka 38, aliamua kuhudhuria masomo ya jioni kwa Mwalimu Hilali, mwenyeji wa Pangani aliyehamishiwa Kibondo kikazi. Alikuwa akifika darasani na harufu ya moshi, vidole vimelainika kwa kuosha masufuria. Alifeli mtihani mara mbili.

"Nilimwomba Mungu anipe kichwa," anasema. "Mwalimu akawa ananiambia, 'Omba, dada Asnath, lakini na zoezi ulete.'"

Mwalimu Hilali, aliyekaa benchi la nyuma, anacheka. "Baada ya Kasulu aliniletea rekodi niikague. Kiingereza alikuwa amekielewa chote. Nami nikabaki najiuliza, sasa mbona watu hawakucheka?"

Jibu lilitoka jikoni. Siku moja Asnath alikuwa akifanya mazoezi kwa kompyuta ya kuazima, mama yake mzazi, Niyonsaba, akimenya mihogo pembeni. Wakafika pale ambapo majeshi mawili ya Waviking yanakutana kilimani. Machifu wanatazamana muda mrefu, kimya, upepo unapeperusha ndevu zao.

"Hawa ni ndugu?" mama aliuliza.

"Ni maadui, mama."

"Mbona hawasalimiani?"

"Wanataka kupigana."

"Watapiganaje hawajasalimiana?" Niyonsaba aliweka kisu chini. "Utampigaje mtu hujui kama nyumbani kwake kuna mgonjwa?"

Asnath alicheka hadi akaisimamisha picha. Mama yake hakucheka.

"Na wewe ulipoingia kwa watu wa Kasulu, uliwasalimu?"

Hapo kicheko kilikatika. Hakuwa amewasalimu. Kwa hofu, aliwasha filamu mara tu alipoketi.

Kwa Waha, wenyeji wa Kibondo na Kasulu, salamu haipitiwi mbiombio. Watu huinama, hupiga makofi taratibu, huulizana habari za nyumba, watoto, ng'ombe na shamba, moja baada ya nyingine. Anayeikatiza huonekana ana jambo baya moyoni.

"Jioni ile nilisali nikashukuru," anasema Asnath. "Nilikuwa nimeomba nipewe maneno, kumbe nilikuwa nayo tangu utotoni." Alirudia kurekodi filamu nzima, tangu mwanzo.

Sasa, mbele ya banda lililofurika, anaweka kipaza sauti chini, anainama na kupiga makofi polepole.

"Mwakeye!"

"Mwakeye!" banda zima linaitikia, na makofi yake.

Anauliza watoto wameamkaje. Anauliza maharage, anauliza mvua. Kijana mmoja anapaza sauti, "Mama, hata bodaboda yangu haijambo!" Ndipo anawasha filamu.

Chifu anapokimbizwa na bata, watu wanacheka. Meli inapokwama mlimani, naye chifu anapoliangukia jiwe na kuliomba msaada, Asnath anashusha sauti, anaomba kwa unyenyekevu kabisa, na banda linatulia.

"Hapo sikutaka kumfanyia mzaha," ataeleza baadaye. "Hajui anamwomba nani, lakini shida yake ni ya kweli."

Kisha majeshi yanakutana. Bazilio, mlangoni, amekunja mikono. Machifu wanatazamana. Asnath anavuta pumzi.

"Mwakeye, mwenye ndevu," anasema kwa sauti nzito.

"Mwakeye, mwenye pembe," anajijibu kwa sauti ya pua. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama tu, mgongo unamsumbua."

"Mpe pole. Na ng'ombe?"

"Mmoja amezaa."

"Hongera! Na maharage?"

"Mvua imeyaozesha yote."

"Lo, pole sana, ndugu yangu. Haya, nikukate sasa?"

"Nikate tu, maana tumeshajuliana hali."

Shoka linatua kwenye ngao, na banda linalipuka. Mwanamke mmoja anateleza kutoka kwenye benchi na kubaki sakafuni akijishika mbavu. "Noma sana! Rudisha nyuma!" wanapiga kelele vijana. Mwalimu Hilali anafuta machozi kwa kofia yake. Benchi la mbele, Niyonsaba anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo sasa wamefanya kiungwana," anasema.

Hakuna anayeondoka. Kabla filamu haijaisha, mlangoni unasikika mchaniko mrefu wa gundi ya karatasi: Bazilio anafungua boksi. Hadi adhuhuri diski zimekwisha, na foleni ya wanaotaka kujaziwa kwenye flashi imefika kwa wauza dagaa.

"Nilisema sauti ya mwanamke kwenye vita, sijui," anasema Bazilio huku akimkabidhi Asnath diski ya mwisho. "Maneno yale nimeyafuta, mama. Filamu nne ni zako."

Asnath anapitisha kidole chini ya jina lake kwenye jalada, herufi moja moja, kisha anampa mama yake. Niyonsaba hajui kusoma. Anaibusu diski na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama Ubwabwa, ongea!" vijana wanadai.

Anapanda juu ya benchi.

"Mungu akinijalia uzima," anasema, "naahidi mbele yenu nyote, na mbele ya mama yangu: Jumamosi ijayo ninarudi Kasulu, banda lilelile. Yule kijana aliyedai hela yake atakaa kiti cha mbele, kiingilio chake nalipa mimi. Na filamu siiwashi mpaka aniambie nyumbani kwao wameamkaje."