Masika Tuliyoishi na Simba

Sauti ya kwanza niliyoisikia kila siku katika kijiji kile ilikuwa ya chuma kugongwa. Baba alitundika rimu ya lori kwenye tawi la mkorosho mbele ya nyumba yetu, na kabla anga halijaanza kupauka alitoka na kipande cha nondo akaigonga mara kumi na mbili, polepole, akiacha mlio mmoja ufe kabisa kabla ya kuuleta mwingine. Ulikuwa mwito wa maombi ya alfajiri. Nikiwa bado mkekani nilisikia mlio ukiteremka bondeni kuelekea Mto Ruvuma, kisha ukirudi kutoka kwenye ukuta wa mlima. Baada ya muda zilisikika ndara zikiburuzwa kwenye njia yenye umande, na harufu ya moshi wa kibatari ikapenya kwenye mwanya wa mlango. Nilikuwa na miaka tisa. Wiki za mwanzo niliupenda mlio ule kwa sababu ulikuwa wetu. Kijiji kilikuwa na vitu vyake vingi nisivyovielewa, na sisi tulikuwa na hicho kimoja.

Tulitoka Chiwata. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la uamsho, na wakubwa zake wa Masasi walimtuma kwenye vijiji vya chini ya Newala, huko ambako gari lilifika kiangazi tu. Masika watu walipanda mlima kwa miguu, asubuhi nzima, kufuata chumvi na sabuni. Sitakitaja kijiji kwa jina, kwa kuwa waliokuwepo wengi bado wapo. Walikuwa Waislamu kwa sehemu kubwa, wachache Wakristo waliobatizwa zamani wakasahauliwa, na karibu wote, wa huku na wa huku, walitambikia wazee wao kwa unga wa mtama. Baba alihubiri dhidi ya unga ule kila Jumapili. Alisema ni mlango wa shetani. Alihubiri vizuri, nisimnyime haki yake. Sauti yake ilijaza kile kibanda cha udongo tulichosalia mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye makuti. Walioamini walikuwa wanane, na wa kwanza wao alikuwa Mama Siwema, mjane aliyeishi ng'ambo ya mashamba ya mtama pamoja na binti yake Siwema, rika langu. Mama Siwema hakukosa maombi hata siku moja. Siwema ndiye aliyenifundisha kuchimba ming'oko, mizizi ya kuliwa ya porini, jinsi ya kuufuata mzizi kwa kijiti bila kuukata, na ndiye aliyenicheka nilipotamka Kimakonde kwa lafudhi ya Chiwata.

Kisha mvua zikakaza na mtama ukarefuka kuliko baba yangu. Siku moja asubuhi watu walimkuta ameuawa na simba chini ya dungu lake mzee mmoja aliyekuwa akilinda mtama usiliwe na nguruwe. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuona. Tuliona nyayo tu, siku iliyofuata, kwenye matope karibu na kisima: pana kama sahani ya kulia, zimejaa maji ya mvua. Siwema aliuweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja, ikabaki nafasi pande zote. Nilimwambia autoe. Hata leo sijui kwa nini niliona ni hatari mno kuuacha mguu pale, lakini nilimvuta mkono mpaka tukaanguka wote wawili.

Baada ya wiki mbili alichukuliwa mtu wa pili, kijana aliyekwenda haja nyuma ya nyumba yake. Kijumbe alitumwa Newala kuwaita askari wa wanyamapori, na jibu lililorudi ni kwamba gari haliwezi kushuka mpaka njia ikauke. Tangu hapo hofu ikahamia ndani ya miili yetu. Choo chetu kilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Nilizihesabu, na nilizoea kubana haja mpaka tumbo likaniuma. Mama alipika jua likiwa bado kali, akafunga mlango kwa gogo. Upepo ukipita kwenye mtama, majani makavu yanasuguana na kutoa sauti kama ya mtu anayekanyaga taratibu, na upepo katika bonde lile haukomi. Nilikojoa mkekani kama mtoto mdogo. Mama hakunigombeza. Aliuanika mkeka mapema, kabla baba hajauona.

Lakini palikuwa na hofu nyingine, na hiyo niliielewa kabla ya wazazi wangu kuniambia. Wanawake kisimani waliacha kuzungumza tulipofika. Ndoo ya mama ilisogezwa kando kwa mguu. Mtoto mmoja, bila ubaya wowote, aliniuliza kama ni kweli baba yangu hulala mchana kwa sababu usiku anakuwa simba. Nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikamtazama baba amelala kwenye kitanda cha kamba baada ya kulima, mdomo wazi, nikayatazama meno yake. Naona aibu kuandika hivyo. Nilikaa pale mlangoni muda mrefu, sikuweza kuingia.

Mzee Chilumba, mwenyekiti wa kijiji, alikuja mchana mmoja na wazee wengine wawili. Alikuwa mtu mfupi, mwenye chale za zamani usoni na sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza habari za shule kama mgeni yeyote. Mama alitandika mkeka. Walikula mihogo, wakasifu mihogo, ndipo akasema lililowaleta.

"Mwinjilisti, hatukuja kwa ajili ya dini yako. Tunaomba usigonge kile chuma mpaka jua litoke. Watu wanapita gizani kwa ajili yake."

Baba akajibu, "Mzee wangu, nikinyamaza leo watasema Mungu wangu anamwogopa simba."

"Simba hamjui Mungu wako wala wazee wangu," alisema Mzee Chilumba. "Anafuata nyama. Kuna wanaosema umemleta wewe. Mimi sisemi hivyo, na nimewazuia wasije hapa. Ila nisaidie nami nipate la kuwajibu."

Baba alisema ataomba juu ya jambo hilo. Walipoondoka, mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mbele yetu, alimwambia, "Baba Neema, hawa wamekuja na heshima. Wape hicho tu." Baba alijibu kwamba akikubali hicho, Jumapili wataleta unga. Kisha akainuka kwenda kuchota maji ya kunywa, na nikaona kikombe kikigongagonga ukingo wa mtungi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba katika nyumba yetu yupo mtu mmoja asiyeogopa. Mchana ule nilijua hayupo.

Kesho yake aligonga. Na keshokutwa yake. Siku ya nne nilikuwa nimeamka kabla yake, nimejikunja karibu na mama, na niliomba kwa maneno yangu ya kitoto usingizi usimtoke baba, alale tu mpaka jua litoke. Aliamka. Chuma kililia mara kumi na mbili. Halafu, katika ule ukimya ambao siku zote ulijazwa na ndara za watu, tulisikia mtu akipiga kelele upande wa mashamba, mara moja, kelele fupi iliyokatika katikati.

Siwema alitokea mbio kutoka njiani, kanga imemvuka, anasema neno moja tu, "Mama, mama, mama." Mama yangu alimdaka. Baba alikimbilia upande ule akiwa na nondo mkononi, nami, sijui niliingiwa na nini, nikatoka nyuma yake mpaka kwenye kona ya kibanda cha kanisa. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilimwona akifika mahali ambapo mtama umevunjika na kulala, na hapo akasimama. Ndani ya mtama kulikuwa na sauti. Sitaieleza. Baba alinyanyua mguu mmoja, akaurudisha. Alilitaja jina la Yesu mara nyingi, kwa sauti iliyokuwa ikipanda kama ya mtoto, na hakuingia.

Walioingia walikuwa Mzee Chilumba na wanaume watano au sita, wamejifunga migolole viunoni, na mikuki na mienge ya nyasi, wakipiga makelele na kugonga madebe. Baadhi yao ndio hasa waliosema baba yangu ndiye simba. Walimpita bila kumtazama. Mama Siwema alitolewa akiwa hai, mkono wake wa kulia umening'inia kwa kitu ambacho Siwema hakupaswa kukiona, na mama alimfunika uso kwa kifua chake.

Walitengeneza machela kwa miti miwili na mablanketi. Baba aliomba ashike mti wa mbele. Mtu mmoja alisogea kumpa nafasi. Walipanda mlima na mvua ile mpaka hospitali ya Newala, na wenzake waliniambia baadaye kwamba wengine walibadilishana mara nne, yeye hakukubali kubadilishwa. Aliporudi siku ya tatu, bega lake lilikuwa limechubuka na kutunga usaha. Alipitiliza mpaka kwenye mkorosho, akaishusha rimu mwenyewe, kisha akaenda kwa Mzee Chilumba, nami nikamfuata kwa kuwa sikutaka kubaki mbali naye.

"Mzee, nilisimama," alisema. "Miguu ilikataa."

Mzee Chilumba alikuwa akisuka kamba. "Hata yangu ilikataa," alisema. "Wenzangu walinisukuma kwa nyuma. Wewe hukuwa na mtu nyuma yako."

Askari walishuka mwisho wa mvua wakampiga simba jike karibu na mto. Alikuwa mzee, mbavu nje, na jino moja kubwa lilikuwa limevunjika na kuoza mpaka taya limevimba. Watu walimzunguka wakimtazama. Mwanamke aliyesogeza ndoo ya mama kwa mguu alikuja jioni ile na bakuli la kunde, akalitua mlangoni, akasema ni za leo. Mwezi uliofuata tukarudi Chiwata. Baba aliacha uinjilisti, akalima korosho, akaendelea kusali kwenye benchi la nyuma. Habari za kule hakuzitaja, na sisi hatukumwuliza.

Sasa mimi ni mwalimu Masasi. Mwaka huu nilipelekwa Newala kusimamia mitihani, nikapata ujasiri wa kushuka. Nilishuka kwa bodaboda, kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha maharage. Nguzo za umeme zinafika mpaka mtoni. Kuna msikiti mpya wa bati na makanisa matatu yenye vipaza sauti, na wanafunzi wanatembea peke yao alfajiri wakiwa na tochi za simu, wanaimba. Nilipowaambia kwamba hapo palikuwa na simba walinitazama kwa adabu, kama wanavyomtazama mtu anayesimulia habari za vita vya Wajerumani. Mzee Chilumba amekwisha fariki. Mama Siwema yupo, mkono mmoja, wajukuu saba. Alinitambua kabla sijajitaja. Aliniambia Siwema ameolewa Mtwara na ana duka la dawa, akanipa namba yake.

Niliuliza nilichokwenda kuuliza, kama amemsamehe baba. Hakukawia kujibu. "Nilimkasirikia baba yako," alisema. "Bado namkasirikia. Na kanisani naenda, hata jana nilikuwapo. Yote mawili ninayo." Halafu akaniuliza kama yu hai, nikamwambia yu hai, anasumbuliwa na magoti. "Mwambie aje," alisema. "Asitume mtoto."

Nilimfikishia baba maneno yote, bila kupunguza lile la hasira. Alikuwa anabangua korosho uani, akaendelea mpaka zikaisha kwenye ungo. Kisha akaniuliza bodaboda hutoka saa ngapi Newala, na kama nitakuwa na nafasi ya kumsindikiza. Naogopa safari hiyo, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, hofu ambayo haifungiwi mlango kwa gogo. Nimeomba ruhusa kazini Ijumaa na Jumatatu.