Jumamosi ya Nyatichi

Nyatichi alitengeneza taa za kuvulia omena, dagaa wa ziwani, hapa Muhuru Bay kwa miaka saba, na kama duniani kuna haki, mimi jirani yake sijaiona. Alinunua chipu rahisi za kiwanda kidogo kisichojulikana, akaziwekea programu mwenyewe, akaziunganisha juu ya meza ya jikoni ya kukatia sukuma wiki. Betri ikichoka, taa yake ilififia polepole, mvuvi akapata muda wa kurudi ufuoni. Taa za kampuni kubwa huzimika ghafla, tena zimebanwa kwa gundi ili fundi asizifungue.

“Kwa bei siwawezi,” aliniambia. “Nitawashinda kwa kuwa karibu.”

Taa ikifa leo, kesho iko majini. Ahadi hiyo ndiyo iliyomletea boti ishirini, nusu yake za tajiri mmoja, Omondi.

Mwezi wa tatu, usiku usio na mwezi, wa kuvulia omena, ulipoanza tu, dhoruba ya Ijumaa ililowesha taa tisa za Omondi. Jumamosi akamngoja Nyatichi nje ya kanisa la Wasabato, kofia mkononi. Alisema zisipowaka jioni hiyo, atalazimika kwenda kwa kampuni. Nyatichi hakuwa ameshika kazi siku ya Sabato tangu abatizwe. Akanijia kuniuliza. Mimi, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, nikamwambia Mungu ataelewa.

Alizitengeneza zote tisa akiwa na gauni la kanisani. Jioni zikawaka.

Mungu labda alielewa. Mzee wa kanisa, Onchiri, hakuelewa, akamtoa kwenye kwaya. Na Jumatatu Omondi akatia sahihi na kampuni: taa bure mwaka mzima, mradi asitumie za mtu mwingine. Nilimfuata ufuoni nikamuuliza kama ana haya.

“Mama Cliff, wamenipa bure,” akasema. “Wewe ungekataa?”

Nilimtukana, nikaenda zangu. Boti nyingine zikamfuata.

Siku hizi Nyatichi ameajiriwa na kampuni hiyo hiyo, kwenye duka lao la hapa. Taa ikifa, anajaza fomu na kuituma Nairobi. Kuifungua haruhusiwi. Kwaya haijamrudisha.

Jumamosi iliyopita Omondi alikuja mbio na taa nne zilizokufa, akakuta duka limefungwa. Kampuni haifungui wikendi. Akazibeba taa zake akarudi nyumbani, wala hakumlaumu mtu.