Unga wa Mama Ziwani

Leo watu wote kwenye boti waliruka majini kutazama samaki, isipokuwa mimi na mama yangu.

Tulitoka Songea na wenzangu wa kazini kuzunguka visiwa vya Ziwa Nyasa.
Mimi kuogelea sina habari nako. Nilikaa kivulini na muhogo wangu wa kuchoma, na kusema kweli nilifurahia.

Mama ndiye aliyeomba kuja. Sikumuuliza sababu.

Wenzangu walipozama na miwani yao, akafungua fundo la kanga. Unga wa mahindi, wa shambani kwake Maposeni.
Akaunyunyiza majini taratibu.
"Baba Neema, nimekuja. Mwanao huyu hapa, amekua."

Kwetu marehemu husalimiwa kwa unga, kaburini.
Baba hana kaburi. Alizama katika ziwa hili nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Samaki wa bluu wakapanda kula, wengi ajabu.
Wenzangu wakaibuka wanacheka.
"Mama, asante! Ongeza basi, wanakuja!"

Nikafungua mdomo niwaambie. Ninyi mngewaambia?

Mama akanishika mkono, akamwaga unga wote uliobaki.
"Waache," akasema. "Baba yako alikuwa anapenda wageni."