Sumaku Iliyomezwa Hirbadaw

Nilitoka Maretadu kwa sababu ng'ombe wangu alikuwa anakufa Hirbadaw. Ninaye mmoja tu. Nimehesabu mara mbili. Nilimweka kwa mzee Gidamweda, mfugaji wa tambarare: yeye anywe maziwa, mimi nipate ndama, kama tunavyofanya sisi wa milimani na wao. Habari zikaja kwamba hali majani, anaguna, amekonda.

Saa nne asubuhi nilikuwa Tumati, njiani. Bwana mifugo mmoja mstaafu alinieleza mambo ambayo wataalamu wamegundua siku hizi. Ng'ombe humeza kwanza, kutafuna baadaye; akilishwa mabua ya shamba la ngano la serikali, anameza na vipande vya waya. Waya hukaa tumbo la pili, ukichoma kuelekea moyoni. Dawa yake ni kummezesha sumaku. Itakaa humo maisha yake yote, imeukumbatia waya. Ukitaka uhakika, pitisha dira ubavuni: mshale utageuka. Nilimuuliza kama amekunywa chai au ni njaa inayosema. Tukavutana bei, akaniachia sumaku moja kwa debe la maharage badala ya mawili, na dira ya kuazima.

Alasiri lori la ngano liliniacha njia panda, nikamalizia kwa miguu. Nilifika ng'ombe wakiingia zizini. Mzee alikuwa bado kisimani; mkewe akasema nimsubiri. Lakini mimi nilikuwa na hakika. Nilipokuja mwaka jana, wangu alikuwa wa saba kuingia, mwekundu, paji jeupe. Nikahesabu. Wa saba: mwekundu, paji jeupe.

"Ng'ombe hahesabiwi, baba," mama akasema. "Anaitwa jina."

Hata hivyo akanishikia pembe, nikasukuma sumaku hadi nyuma ya ulimi. Ikaenda.

Asubuhi nilimwamkia mzee shikamoo, nikapitisha dira kwa madaha. Mshale ukageuka. Nikamtangazia kuwa wangu amepona. Mzee akanielekeza kwenye kona ya zizi, alikolala mwekundu mwingine mwenye paji jeupe, mbavu nje, akiguna. Huyo ndiye wangu. Mgonjwa haingii wa saba; huingia wa mwisho.

"Mama, mbona ulinishikia?"

"Nilidhani umetuletea zawadi."

Sumaku haitoki. Nikaomba tubadilishane ng'ombe. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nikarudi Tumati na debe la pili la maharage, nikachukua sumaku nyingine, na kesho yake nilikuwa zizini tena. Safari hii niliuliza jina kwanza. Anaitwa Mgeni. Mama akamwita, ng'ombe akainua kichwa, akaimeza sumaku. Siku ya tatu alisimama, akala.

Nyumbani wananiuliza kama ugunduzi ule ni wa kweli. Ni wa kweli. Dira inajua chuma kiko tumbo gani. Tumbo ni la ng'ombe wa nani, hilo muulize mama mwenye zizi.