Chumba cha Peke Yangu

Nilitoroka chumba cha hospitali nikiwa na tetekuwanga mwili mzima, nikaenda kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Naanza na upumbavu wenyewe, mwanangu, usije ukadhani nakushauri kwa sababu nina akili. Niko kidato cha tatu, mtoto sina bado, na walimu wangu wangecheka kusikia natoa nasaha.

Nakumbuka siku yenyewe upepo wa Sumbawanga ulikuwa unagonga madirisha. Nilikuwa nimepasuliwa kidole tumbo. Vipele vilinianza bwenini, kwa hiyo hospitali hawakunipitisha wodini hata dakika moja. Nilipotoka upasuaji nilipelekwa kwenye chumba chenye kitanda kimoja, choo chake na mlango unaofungwa. Siku ya kwanza nikajiona mkuu wa mkoa. Siku ya tatu nikajiona mahabusu.

Nesi alinieleza, tena kwa upole: "Humu hatujakuweka kwa heshima yako, kaka. Kule wodini vitanda vimebanana, na ugonjwa wako unapita hata hewani. Ukivuka huo mlango unawapelekea watu ambao tayari wamechoka."

"Sasa mimi nipige stori na nani?"

"Na ukuta. Huo hauambukizwi."

Lakini wodi ya wanaume ilikuwa ng'ambo tu ya korido, na watu walikuwa wanacheka. Mtu wa utani kusikia watu wanacheka bila yeye ni mateso, nakwambia. Mama, aliyekuja kuniuguza, alipokwenda kufua, nikajitanda kitenge chake mpaka kidevuni, nikatoka nimejikunja kama mjamzito anayekwenda kliniki.

Kitanda cha kwanza mlangoni kilikuwa cha Mzee Masanja, mfugaji kutoka bondeni Mtowisa. Mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia. Mguu wake ulining'inizwa kwa kamba na vyuma, hata angetaka kunikimbia asingeweza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mke wa nani?"

Wodi ikaangua kicheko. Nikakaa kitandani kwake, nikamwigiza mwalimu wetu wa zamu, tukanywa togwa kikombe kimoja. Vipele vya usoni alidhani ni chunusi za ujana. Sikumsahihisha. Mkewe, Mama Shija, akanishika bega: "Uje na kesho, baba. Hajacheka tangu aanguke."

Nikaenda na kesho.

Wiki mbili na kitu baadaye nilirudi daktari akague mshono. Nje ya kile chumba changu cha zamani, kwenye benchi, alikaa Mama Shija. Mzee alikuwa ndani, vipele mpaka kwenye kope, kifua kimembana, anapumua kwa oksijeni. Maishani mwake hakuwahi kuugua tetekuwanga.

"Ni mimi," Mama Shija alimwambia mama yangu, macho makavu. "Nilikwenda nyumbani kuangalia watoto, nikarudi. Nitakuwa nilimbebea ugonjwa kwenye nguo."

Mimi, bingwa wa maneno, nikaingia kwa daktari kukaguliwa mshono.

Mzee Masanja alifariki kabla ya Jumapili. Habari zilipotufikia, mwili ulikuwa bado hospitali, wanasubiri gari la kuteremka bondeni. Hapo ndipo nikamwambia mama yote: kitenge, togwa, siku zote mbili.

Mwanangu, chumba kile wengine wanakiona cheo, wengine kifungo. Mimi nilikiona vyote viwili. Kumbe kiliwekwa kwa ajili ya Mzee Masanja, ambaye hata hakulala humo mpaka alipokuwa anakufa. Na vyumba vya namna hiyo ni vichache. Mimi nilipewa kimoja nikakichezea. Basi ukiwekwa humo, kaa. Ukichoka, chokea humo humo. Ukienda kumwona mgonjwa, nawa mikono, muulize nesi kwanza, na ukiambiwa umsalimie kupitia dirishani, msalimie dirishani bila kununa. Ukiona umekosea, sema siku hiyo hiyo, labda dawa itawahi. Mungu akupe afya, na siku ukiugua, ugonjwa wako uishie kwako.

Siku ile nilipomwambia, mama alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta ulezi. Akaweka ungo chini. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema hivi, sipunguzi wala siongezi:

"Vaa viatu. Yule mama anakwenda kuzika akijua amemuua mume wake. Twende ukamwondolee hilo, na akikupiga, sitamshika mkono."