Matofali ya Hmida na Jeki ya Mtaa

Mama yangu mdogo Zulikha akiingia chini ya gari huwa anaimba. Siyo kwa sauti kubwa, ni kama mtu anayechekecha unga. Mimi nikisikia wimbo ule najua miguu yake tu ndiyo iko nje, soksi za sufu na kandambili, na lile Pijo lote liko juu ya kifua chake. Siwezi kukaa. Nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nadhir, hebu tulia. Unanitimulia vumbi machoni."

"Toka wewe kwanza, ndipo nitulie."

"Nikimaliza nitatoka."

"Au utatolewa."

"Mdomo huo! Nipe spana namba kumi na tatu."

Mtu akikwambia Zulikha ni mjane maskini wa Jijel, huku kwetu Algeria, mcheke. Mjane ni kweli. Mumewe Hmida alimwachia vitu viwili: Pijo kuukuu, na rundo la matofali ya saruji limepangwa ukuta mzima wa uani. Huku mlimani kwetu hakuna anayemaliza nyumba. Chini unakaa, juu unaacha nondo zimesimama kama nywele za mtu aliyeona jini, unasubiri mwanao aoe umjengee ghorofa yake. Hmida alifyatua yale matofali mwenyewe kwa ajili ya ghorofa ya mwanawe. Mtoto hakuja. Kisha Hmida naye akaenda. Matofali yakabaki.

Gari nalo Zulikha akaligeuza kazi. Anabeba wanawake tu. Anawapeleka hamamu, harusini, kujifungua. Kwetu mama mzima hapendi kukaa na dereva asiyemjua ukoo, kwa hiyo simu ya Zulikha hailali. Ila abiria wake hasa ni wale wanaosafishwa damu kwa mashine hospitalini. Bi Wrida ndiye anakaa kiti cha mbele, amekonda, mkono umejaa vishimo vya sindano. Hao hawana habari ya kesho. Mtu akiruka siku moja anavimba uso, akiruka mbili mnaanza kuulizana sanda iko wapi.

Sasa msimu ule wa baridi ekzosi, bomba la moshi, ikaachia. Moshi ukawa unapanda ndani ya gari kupitia sakafuni. Bi Wrida akatapika kwenye mtandio wake njia nzima, na bado anaomba msamaha, masikini.

"Kabla ya Jumatano ekzosi iwe imekaa," Zulikha akasema.

"Peleka gereji."

"Gereji ile ya chini? Niende nikaegemewe na wanaume watatu, mmoja anashika spana na wawili wananiuliza nitaolewa lini? Hmida nimempa spana maisha yake yote ya ndoa. Najua kila nati ilipo."

Ni kweli anajua. Siyo hilo lililokuwa linanichoma. Kilichokuwa kinanichoma ni jeki.

Jeki yetu ni ya mtaa. Ilinunuliwa zamani kwa mchango, ile ya mafuta, nene kama chupa. Haina nyumba. Inalala kwa aliyeitumia mwisho, na mtu akigonga mlango unampa, huulizi. Kumnyima jirani jeki ni kama kumnyima chumvi, utasemwa mpaka kwenye matanga yako. Lakini kitu cha wote hakina mama. Kila mtu anakipampu, hakuna anayekipangusa. Na siku hizo ilikuwa imeanza kushuka. Unainua, unageuka kuchukua chai, unakuta gari limeinama kidogo.

"Ndiyo maana naweka matofali," Zulikha akanijibu nilipomwambia. Alikuwa ameshaliinua gari, ameweka matofali mawili mawili kila upande.

"Mama mdogo, tofali lile lina matundu! Limetengenezwa libebe ukuta, mzigo umelala wote sawasawa. Gari linakalia ncha moja ya chuma. Litapasuka kama biskuti."

"Nani kakufundisha, wewe muuza kava za simu?"

"Nina macho."

Akatoka chini ya gari, akakaa kitako, akanitazama. "Matofali haya Hmida aliyafyatua kwa mikono yake. Aliyanywesha maji asubuhi na jioni kama mche. Mwanangu angezaliwa angelala juu yake. Leo wewe unaniambia hayabebi?"

Nikazunguka uani. Yeye akarudi chini, akaanza kuimba.

Simu yake ikalia kwenye kidirisha cha jikoni. Huwa anaiacha pale, maana chini ya gari chuma kinakata mtandao. Akajivuta nje, akaenda kupokea. Alikuwa binti wa Bi Wrida, anauliza kama Jumatano ipo.

Ndipo nikaiona jeki inashuka. Haikupiga kelele. Ilishuka kama mzee anayekaa msalani. Gari likayaegemea matofali, moja likalia *pah!*, la pili likafuata, na Pijo lote likaanguka chini, vumbi mpaka dirishani. Sahani aliyotilia nati ikabanwa na tairi, ikawa bapa kama mkate. Kandambili moja ya Zulikha ilibaki chini, ncha tu inaonekana.

Yeye kashika simu, mguu mmoja soksi tupu. "Hapana, binti yangu," akamwambia yule, sauti haikutikisika. "Hakuna kitu. Ni gari limekaa. Jumatano ipo."

Mimi nikawaka. Nilitukana jeki, nikamtukana aliyeibuni, nikapiga teke kipande cha tofali kikagonga ukuta.

"Usipige teke," akasema.

"Nisipige teke? Umeona ulipokuwa umelala?"

"Nimeona. Usipige teke."

Akachuchumaa, akaanza kuokota vipande vya Hmida kimoja kimoja, anatia kwenye beseni. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nikachukua jeki nikatoka nayo, maana ningebaki pale ningevunja kitu.

Barazani nikafungua kizibo cha mafuta nione kwa nini inashuka. Harufu ikanipiga puani kabla sijaona rangi. Harufu ya chakula cha mchana! Nikachovya kidole. Kijani, mazito, yanavutika kama gundi. Mafuta ya zeituni.

Mtaani kwetu mtu wa kufanya hivyo ni mmoja. Nikapandisha ngazi mpaka kwa Haji Buzid, mwenye mizeituni kule juu, nikamtupia jeki miguuni.

"Wewe ndiye uliyekuwa nayo mwisho?"

"Salamu kwanza, mtoto wa watu."

"Salaam alaykum. Umeitia nini jeki?"

"Ilikuwa imekauka," akasema, anajisikia kabisa. "Nikainywesha. Siyo mafuta ya dukani, ni ya mti wa babu yangu, mkamuo wa kwanza."

"Mafuta ya kula, Haji!"

"Ya kula tu? Mafuta yale yanatibu sikio, yanatibu kikohozi, yametibu bawaba za mlango wa msikiti! Unayatukana mafuta yangu? Baba yako alinyonyeshwa kwayo!"

"Mlango wa msikiti haumlalii mtu kifuani! Yakipata baridi yanaganda, kile kidude cha ndani hakizibi, jeki inashuka. Imeshuka leo. Gari limeanguka pale alipokuwa amelala Zulikha!"

Majirani walishaanza kutoka. Haji Buzid akaiokota jeki, akainusa.

"Yeye..?"

"Alikuwa ametoka kupokea simu."

Akakaa kwenye ngazi. "Mimi niliweka baraka," akasema polepole. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Mzee mwenyewe siyo mbaya. Nilitaka awe mbaya, ningepumua.

Kesho yake nikaenda soko la vyuma chakavu kutafuta stendi, zile za chuma zenye miguu na meno, unainua gari kwa jeki, unalishushia juu yake. Nikapata nyekundu, zinang'aa, nyepesi hata. Nikarudi nazo kama mtu aliyeleta mahari.

Zulikha hakuzisifu. Akazigeuza juu chini. Akapitisha kucha kwenye maungio. "Huku wamechomelea au wamepaka dawa ya meno?" Akazisimamisha, akasukuma kwa kidole, moja ikacheza. "Miguu imekaa karibu karibu kama ya bibi harusi. Na hii pini ndiyo inashika mzigo wote? Inaingia na kutoka yenyewe. Nadhir, hizi umenunua kwa macho."

"Jana ulikuwa unalalia matofali, leo umekuwa mkaguzi!"

"Jana nilikuwa mjinga. Unataka niwe mjinga siku zote ili wewe upate raha?"

Nikazirudisha. Muuzaji akasema kitu kilichouzwa hakirudi, nikamwambia na jino lililotoka halirudi, tukaelewana. Safari hii sikutazama rangi. Nilichimba kwenye rundo la mzee mmoja mpaka nikakuta mbili nyeusi, mbaya, nzito mpaka mkono unauma. Miguu imetanuka, kila mguu una kiatu cha bati pana usizame ardhini. Meno mazito. Kitasa chake ukikibebesha mzigo huwezi kukiinua hata ukining'inia, na bado kuna pini ya pili ya kuzuia. Uzito zinaobeba umegongwa kwenye chuma chenyewe, siyo karatasi iliyobandikwa, na unazidi uzito wa gari lote hata likiwa limepakia. Nikapanda juu ya moja nikaruka ruka. Watu wakacheka. Wacha wacheke.

Jeki tukaimwaga mafuta, tukaisafisha, tukatia mafuta yake yenyewe. Raba mpya za kuzuia mafuta ndani hatukuzipata. "Itainua," nikamwambia Zulikha, "ila usiiamini."

"Jeki ni ya kuinulia," akasema. "Ya kulalia ni nyingine. Nimeelewa, usinihubirie."

Ua wetu umeinama, kama mtaa wote. Tukalisukuma Pijo mpaka penye zege karibu na jikoni, ndipo pako sawa. Breki ya mkono, gia imewekwa, vipande vya gogo mbele na nyuma ya matairi yatakayobaki chini. Tukaliinua kwa jeki, stendi tukaziweka chini ya chesi, uti wa gari, pale chuma ni kinene, siyo kwenye bati; jeki tukaiacha inagusa tu. Kisha nikalipiga gari bega. Nikarudia kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayevunja mlango. Halikutikisika. Zulikha akanitazama.

"Umemaliza kugombana nalo?"

"Bado." Nikalipiga tena.

Akaingia. Miguu ikabaki nje, soksi za sufu, kandambili za kuazima. Hakuimba. Mimi nikazunguka. Nasikia spana inauma nati, nati inalia, kimya, spana tena. Sijui ni muda gani. Nikamsikia ameanza kidogo, kale kawimbo ka unga.

Jeki ikashuka.

Niliiona, chuma kinaingia ndani ya chuma, taratibu, haina haya. Nikajitupa chini nitazame stendi. Gari likasema *tk*. Basi. Wimbo ukakatika.

"Nadhir?"

Nilikuwa nakagua meno ya kila stendi.

"Nadhir. Limekaa?"

"Limekaa," nikasema. "Juu ya stendi. Halijasogea."

Kandambili zikasogea kidogo, zikatulia.

"Haya," akasema. "Namba kumi na tatu."

Mkono ukatoka kuipokea. Spana ikatudondokea kati yetu, tukaiacha chini kidogo kabla mmoja wetu hajaiokota.

Jumatano Bi Wrida alikaa mbele, vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi, hakuna aliyetapika. Jioni yake Haji Buzid akagonga mlango. Breki ya tairi lake moja imeanza kulia na anataka jeki. Hakunitazama usoni.

"Jeki haitoki peke yake tena," Zulikha akamwambia. "Anayeichukua anabeba na stendi. Na kabla hajalala chini analipiga gari bega. Nadhir atakuja kuangalia."

"Huyu atanitukana."

"Atakutukana. Afadhali hivyo."

Mzee akabeba stendi, moja kila mkono, anaguna. Mlangoni akageuka. "Na yale matofali? Nilikuwa nataka kukuomba mawili ya kuzibia banda la mbuzi."

"Hayo yana kazi yake," akajibu, akafunga mlango.

Ijumaa baada ya swala Zulikha akaniita. Nikadhani kuna nati. Akanionyesha rundo la Hmida.

"Yapandishe juu."

"Yote? Juu ya paa? Ghorofa ya nani?"

"Nimesema yapandishe. Huko ndiko yalikokuwa yanakwenda."

Nikayapandisha, mawili mawili, ngazi hazina mkono wa kushika, nalaani kila ngazi. Pale juu nondo zimesimama na kutu yake, upepo wa bahari unapiga. Nikayapanga kwa safu kama Hmida alivyokuwa ameyapanga mwenyewe. Mwisho nikayakalia, nipumzike.

Chini ukaanza ule wimbo. Nikakaa hivyo hivyo, kidogo. Halafu nikanyanyuka, nikaenda ukingoni kuchungulia. Stendi zimerudi, ziko chini ya gari. Miguu ipo.